Mashine ya Kukatakata Matawi: Hesabu Saa Kabla ya Kuhesabu Shilingi

SOMO LA WIKI

Korosho zikishaokotwa na kufikishwa ghalani, mashamba ya Bungu, Mlanzi, Jaribu Mpakani na Kibiti yenyewe huingia katika kazi isiyotangazwa bei mnadani, nayo ni kupogoa. Matawi makavu, yanayogusa chini na yaliyoingiliana huondolewa ili jua na hewa vipite, kwa sababu ugonjwa wa ubwiri unga hupenda machipukizi yaliyojificha kivulini. Kazi hiyo ikiisha, mwenye ekari 10 au 20 hubaki na vilima vya matawi asivyojua avipeleke wapi. Wengi huvitia moto. Moto huo ukikutana na upepo na majani makavu yaliyotanda chini ya mikorosho, haujui mpaka wa shamba. Mkorosho uliobabuka upande mmoja unaweza kukupotezea msimu au zaidi, na kama mti huo ni wa jirani, habari huishia kwa mtendaji wa kijiji.

Ndiyo maana wasomaji wenye mashamba kando ya barabara ya Kilwa, wengi wao wakiwa wafanyabiashara wanaoishi Dar es Salaam, huuliza kama inafaa kununua mashine ya kukatakata matawi, na kama inafaa, wachukue ipi. Jibu letu litawaudhi wauzaji kidogo. Swali la kwanza siyo ukubwa wa mashine wala jina lililoandikwa ubavuni. Swali la kwanza ni hili: itanguruma saa ngapi kwa mwaka, na itatafuna kitu gani?

Ondoa kwanza vyenye bei yake

Kabla ya kupima vilima vyako, toa kila kitu ambacho tayari kina mnunuzi. Kuti la mnazi likisukwa ni paa, na makuti bado yanauzwa pwani nzima, kuanzia nyumba za vijijini hadi mabanda ya hoteli. Makumbi na vifuu ni moto wa jikoni. Matawi manene ya mkorosho na mwembe ni kuni. Kulipua dizeli ili kusaga kitu ambacho jirani angekilipia ni hasara, hata kama mashine imefanya kazi vizuri kabisa.

Baada ya kuondoa hivyo, hubaki vijiti vya unene wa kidole hadi wa kifundo cha mkono, majani, makuti makuukuu yaliyooza nusu, mabua ya mahindi na mtama, majani ya migomba na mabaki ya mananasi. Huo ndio mzigo halisi wa mashine. Mara nyingi utagundua kuwa kilima kilichokutisha kimepungua nusu, na kwamba tawi nene kuliko yote lililobaki halizidi sentimeta 6 au 7. Hapo umeshaokoa fedha, kwa kuwa bei ya mashine hizi hupanda haraka kadiri unene wa tawi inaloweza kumeza unavyoongezeka.

Kukata, kuponda na kunyoa

Ukiingia duka la zana za kilimo Kariakoo na kusema unataka mashine ya kukatakata majani, yaelekea utaonyeshwa ile ya kukatia malisho ya ng'ombe. Ni mashine nzuri kwa kazi yake. Ina visu vyepesi vinavyonyoa nyasi, mabua mabichi na majani ya miwa. Mfugaji aliye karibu na Kibiti mjini anaweza kuitumia mwaka mzima kukata mabua na nyasi za mpunga. Lakini usiipe tawi la mkorosho. Kisu kitapinda au bolti zitakatika, na kipande cha chuma kinachoruka kwa mwendo huo ni hatari kwa anayelisha.

Aina ya pili ni ya nyundo. Ndani yake mna vyuma vinavyozunguka na kuponda, na chini yake mna chekeche la bati lenye matundu. Ni ndugu wa kinu cha kusaga mahindi. Vitu vikavu vinavyovunjika, kama mabua makavu, magunzi na majani yaliyokauka, inavimaliza vizuri. Udhaifu wake ni kuti la mnazi. Kuti lina nyuzi ndefu zisizovunjika, zinazojizungusha kwenye ekseli mpaka mkanda uanze kunuka. Vitu vibichi navyo huziba matundu ya chekeche.

Aina ya tatu ndiyo ya matawi hasa. Ina sahani nzito au pipa la chuma lililofungwa visu vinene viwili au zaidi, na mbele ya visu kuna chuma kilichotulia ambacho tawi hukatiwa juu yake, kama kinu cha mwuza nyama. Nafasi kati ya kisu kinachozunguka na hicho kilichotulia inatakiwa iwe ndogo sana, kama milimita 1 au 2. Ikipanuka, mashine huacha kukata ikaanza kutafuna, na nyuzi za kuti hupita zikiwa nzima. Mwulize muuzaji akuonyeshe nafasi hiyo inarekebishwa wapi. Akishindwa kukuonyesha, afadhali uende duka la pili.

Kwa shamba kubwa lenye mikorosho, miembe na minazi michache, chukua aina hii ya tatu. Zipo zenye matumbo mawili, visu upande mmoja na nyundo upande wa pili. Zinavutia, lakini una sehemu mbili za kuharibika na spea za aina mbili za kutafuta.

Jambo moja ambalo vitabu vya maelezo havisemi: matawi ya mkorosho yamepinda. Kipimo cha sentimeta 10 kinachoandikwa kwenye mashine ni cha tawi bichi, laini na lililonyooka. Sisi tunashauri uhesabu theluthi mbili tu ya kilichoandikwa. Tena tazama upana wa mdomo wa kulishia, maana tawi lenye kiwiko hukwama mdomoni kabla halijafika kwenye visu, na kijana anayelisha hulazimika kulipunguza kwa panga. Mdomo mwembamba unaweza kuongeza muda wa kazi hata mara mbili.

Injini ambayo fundi wako anaijua

Umeme una raha yake, kwani hauna oili wala plagi. Mashine ndogo ya kilowati 2 au 3 inatosha bustani ya nyumbani mjini Kibiti. Shambani hadithi ni nyingine. Waya mrefu hupoteza nguvu njiani, mota hupata joto na kuungua, na mota kubwa zinahitaji umeme wa njia tatu ambao haujafika kila mahali. Kwa ekari 10 na kuendelea, tuzungumze petroli na dizeli.

Injini ya petroli ya nguvu za farasi 13 ni nyepesi. Wanaume wawili huiinua na mashine yake wakaitia kwenye toroli. Inapofanya kazi kwa mzigo hunywa karibu lita 3 na nusu kwa saa. Injini ya dizeli ya silinda moja, kama ile ya S195 yenye nguvu za farasi 12, ina uzito wa zaidi ya kilo 100, lakini ikilemewa hutumia kama lita 2 na nusu tu. Tarakimu 95 katika jina hilo ni kipenyo cha silinda kwa milimita, na 1 ya mbele yake ni idadi ya silinda. Ni vyema kulijua hilo unapoagiza ringi na pistoni.

Lakini mafuta siyo sababu yetu kubwa ya kupendelea dizeli ya aina hiyo. Injini za silinda moja za namna hii ndizo zinazosukuma vinu vya kusaga na kukoboa, na pawatila za mabonde ya mpunga. Fundi wa Ikwiriri au Kibiti ameshazifungua mara nyingi. Nozeli, ringi na gasketi zinapatikana bila kuagiza ng'ambo. Injini ya ajabu iliyokuja na mashine ya bei ya kutupa inaweza kulala wiki tatu ikisubiri kifaa kimoja kidogo, na wiki hizo tatu ndizo msimu wako wa kupogoa.

Ukiwa tayari na injini ya kinu au pawatila, uliza bei ya mashine tupu isiyo na injini. Mkanda na puli ya kipimo sahihi vitaiunganisha. Mtengenezaji ameandika mizunguko inayotakiwa kwa dakika, hivyo mpe fundi namba hiyo. Ikizidi, visu vinaweza kung'oka. Ikipungua, mashine inaziba. Karakana za Gerezani zinatengeneza mashine za namna hii, na SIDO pamoja na CAMARTEC ya Arusha ni mahali pa kuuliza ushauri kabla hujatoa oda.

Hesabu yenyewe

Sasa chukua kalamu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano wa kufundishia. Bei zako weka mwenyewe.

Tuseme una ekari 20 za mikorosho iliyopandwa mita 12 kwa 12. Hiyo ni kama miti 28 kwa ekari, jumla 560. Umeazima au umekodi mashine kwa siku moja, ukapogoa miti 10, na mabaki yake yakamalizwa kwa saa 1. Basi shamba zima litahitaji saa 56. Jaribio hilo la siku moja lina thamani kuliko karatasi zote za matangazo, kwa hiyo usiliruke.

Mashine na injini yake tuseme ni Shs. 4,200,000, na itadumu miaka 7. Uchakavu kwa mwaka ni Shs. 600,000, inguruma isingurume. Kisha kuna gharama za kila saa: dizeli lita 2 kwa wastani, tuseme Shs. 6,000, vibarua wawili wanaolipwa Shs. 10,000 kila mmoja kwa siku yenye saa 5 za mashine, yaani Shs. 4,000, visu, oili, mikanda na beringi, Shs. 2,000. Jumla ni Shs. 12,000 kwa saa.

Kwa saa 56 utatumia Shs. 672,000. Ongeza uchakavu, unapata Shs. 1,272,000 kwa mwaka, yaani karibu Shs. 2,270 kwa kila mkorosho. Sasa tuseme yupo mtu anayekodisha mashine, yeye akileta mafuta na watu wake, kwa Shs. 20,000 kwa saa. Saa 56 kwake ni Shs. 1,120,000. Kukodi kumekuwa nafuu kwa Shs. 152,000, na hukuhitaji banda wala mlinzi.

Mashine yako inaanza kuwa nafuu kuliko ya kukodi pale uchakavu unapogawanyika mpaka gharama ya saa ishuke chini ya Shs. 20,000. Chukua Shs. 600,000, gawa kwa tofauti ya Shs. 8,000. Jibu ni saa 75. Chini ya hapo kodi, juu ya hapo nunua.

Hiyo ni kwa mwenye fedha taslimu. Ukinunua kwa mkopo wa riba ya asilimia 18, riba ya mwaka wa kwanza peke yake ni Shs. 756,000 kabla hujaanza kupunguza deni. Riba hiyo imeupita uchakavu! Ukijumlisha vyote viwili na kugawa kwa Shs. 8,000, unahitaji karibu saa 170 kwa mwaka. Kwa kazi ya shamba lako, hizo ni saa za mashamba matatu.

Hapa ndipo mwekezaji mdogo anapoweza kuona nafasi. Huenda mwenye ekari 20 hapaswi kununua, ila mtu mwenye pawatila na trela, anayezunguka kutoka shamba hadi shamba kati ya Jaribu na Kibiti, anaweza kufikisha saa 200. Kwake uchakavu unashuka hadi Shs. 3,000 kwa saa, na gharama yote ni Shs. 15,000. Akitoza Shs. 20,000 anabaki na Shs. 5,000 kwa saa, ambayo kwa mwaka ni Shs. 1,000,000. Siyo utajiri, na gharama ya kuhamisha mashine kutoka shamba moja kwenda jingine bado hatujaitoa. Tena msimu ni mfupi: kuanzia korosho zinapokwisha hadi miti inapokaribia kutoa maua, na ndani yake kuna masika ambapo barabara za ndani hazipitiki kwa siku nyingi. Mwenye kuingia biashara hii aandike mapema orodha ya mashamba na saa zake, apokee malipo ya awali, na ajipange kufanya kazi ya mabua ya malisho katika miezi ya kiangazi kwa mashine ya aina ile ya kwanza, inayoendeshwa na injini hiyo hiyo.

Njia nyingine ni majirani watatu kununua pamoja. Tumeona ubia wa namna hii ukivunjika kwa jambo dogo: nani analipa kisu kilichopasuka kwa kugonga msumari. Andikeni daftari la saa tangu siku ya kwanza, na kila saa ichangie mfuko wa matengenezo, bila kujali kisu kimepasukia shambani kwa nani.

Ukivuka kuingia delta

Kwa wenye mashamba ya visiwani, Salale, Mbwera na kwingineko ambako mzigo hupitia Nyamisati au hushuka kwa mitumbwi na mashua, hesabu inabadilika kabisa. Injini ya dizeli yenye kilo zaidi ya 100 inapaswa kupakiwa, kupakuliwa na kubebwa kwenye tope wakati wa maji kupwa. Hewa ya chumvi hula bati jembamba na beringi. Mafuriko ya mwaka 2024, yaliyoingia mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti, yalikumbusha kila mtu kwamba chombo kilichofungwa sakafuni kinaweza kuamkia chini ya maji. Delta mashamba mengi ni ya minazi na mpunga, na mabaki yake ni makuti na mabua. Kwa maoni yetu panga kali na vibarua wawili bado wanashinda mashine huko. Anayelazimika achukue petroli nyepesi inayofunguka vipande, na aijengee jukwaa.

Jambo la pili kuhusu delta. Yupo atakayemshauri mwenye mashine aongeze saa zake kwa kununua matawi ya mikoko. Mikoko ya delta ni hifadhi ya misitu, na uvunaji wake unahitaji kibali cha TFS. Mti wenyewe ni mgumu, na visu vitakuwa butu mapema kuliko unavyodhani. Usiingize biashara hiyo kwenye hesabu zako.

Unapofika dukani

Beba tawi lako. Hatufanyi mzaha. Chukua tawi la mkorosho lililopinda, la unene wa kifundo cha mkono, na kuti moja kuukuu lenye mchanga. Sabasaba na Nane Nane ni wakati mzuri, kwani wauzaji wengi hukusanyika mahali pamoja na huona aibu kukataa kuwasha mashine mbele ya watu. Lisha kuti kwa kuanzia upande wa shina lake. Sikiliza injini: ikishuka kidogo kisha ikajirudi, ni kawaida, lakini ikielekea kuzimika nguvu haitoshi. Endesha dakika 15, uzime, kisha uguse nyumba za beringi. Kama huwezi kuweka mkono hapo, ziache kwa mwenyewe.

Pima mdomo wa kulishia kuanzia ukingoni hadi kwenye visu. Uwe mrefu kuliko mkono wa mtu mzima, ili kiganja kisifike ndani hata kwa bahati mbaya. Swichi ya kuzima iwe upande wa anayelisha. Na wafanyakazi wako waelezwe tangu mwanzo: hakuna kanga, hakuna mikono mirefu ya shati inayoning'inia, macho yafunikwe, na ikiziba, injini izimwe na sahani isimame ndipo mtu aingize mkono. Kidole cha kibarua hakimo kwenye hesabu ya Shs. 12,000.

Beringi ziwe na namba za kawaida na mkanda uwe wa kipimo kinachouzwa Kariakoo. Nunua visu seti mbili siku hiyo hiyo, kwa sababu udongo wa Kibiti una mchanga na mchanga ni adui wa kisu kuliko mti wenyewe. Kung'uta matawi kabla ya kuyalisha. Dai risiti ya EFD na karatasi ya dhamana yenye tarehe, siyo ahadi ya mdomo.

Kuhusu kilichosagwa, tandaza shambani kwa unene usiozidi vidole vinne, ukiacha nafasi ya shubiri moja au mbili kutoka kwenye shina. Kitahifadhi unyevu wa masika kuingia kiangazi. Usikifukie udongoni kikiwa kibichi, maana kikioza hunyang'anya mimea naitrojeni. Ukitaka mboji, changanya na samadi ya ng'ombe au mbuzi na uigeuze mara kwa mara. Mwenye minazi asiache kamwe lundo lioze polepole pembeni mwa shamba. Chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi, hutaga mayai kwenye malundo ya namna hiyo na kwenye magogo ya minazi iliyokufa. Ukiona mafunza makubwa meupe unapogeuza lundo, yatoe yote siku hiyo uwape kuku.